Mshika Uzi wa Pili

Siku Sekela aliporudi kazini, watu wa Kituo cha Mvuke cha Ikubo walimiminika nje kumpokea. Wapishi waliacha kande motoni, mafundi wakatupa spana zao, na hata Injinia Nsia, mkuu wa kituo, mama asiyejulikana kwa kucheka, alisimama kwenye ukungu wa Rungwe akipiga makofi. Mtu mmoja tu hakutoka. Tupokigwe alibaki karakana ya magwanda akisugua gwanda lililokwisha kutakata, huku akichungulia dirishani kama mwizi.

Alimwona Sekela akishuka garini. Alikuwa amekonda. Alichechemea upande wa kushoto, mguu ukiwa ndani ya kiatu kilichoshonwa mahususi kwa mtu asiye na vidole. Kisha akatokea mwanamume mmoja mrefu, amejifunika kofia ya kufuma mpaka masikioni kwa kuogopa baridi, akampa mkono. Sekela aliushika mkono ule, akauegemea hadi mlangoni.

"Huyo ndiye Machano," alisema fundi mmoja aliyekuwa akipita. "Mpemba. Ndiye atakayemshikia uzi."

Tupokigwe aliendelea kusugua. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, mkono wa kuegemewa na Sekela ulikuwa wake.

*

Ikubo ilichota umeme tumboni mwa mlima. Mvuke ulipanda kutoka kwenye vyumba vya mwamba vilivyochimbwa chini kabisa, ukazungusha mitambo, na umeme ukateremka hadi kwenye hospitali, viwanda vya chai na treni za mji wa chini. Ila mvuke ule haukuja peke yake. Ulikuja na madini, nayo yaliganda kwenye midomo ya mabomba kama wali ulioshika sufuria, ndiyo maana wafanyakazi waliyaita ukoko. Mashine za kukwangua zilipelekwa, zikarudi zimepofuka kwa joto. Nyingine hazikurudi kabisa. Mwishowe ikabidi ashuke mtu.

Lakini mtu naye hawezi kulistahimili joto lile akiwa na hisia zake zote. Hata ndani ya gwanda linalopoza, ngozi hupiga mayowe, akili huvurugika, mtu akakimbilia huko huko kwenye moto. Kwa hiyo gwanda lilimpokonya mshukaji hisia za mwili wake, kuanzia shingoni hadi nyayoni, likazipeleka juu kwa uzi wa kioo mwembamba kama unywele, hadi kwenye kilemba cha mtu aliyeketi salama kitini. Huyo ndiye mshika uzi. Yeye ndiye aliyeungua pasipo kuungua. Akihisi moto begani, husema, "Bega la kulia, rudi," na mshukaji asiyehisi kitu hurudi. Huko chini mshukaji ana macho yake, misuli yake na sauti ile moja. Sauti ikimdanganya, amekwisha.

Sekela alishuka, Tupokigwe akashika uzi. Watu walilikata jina la Tupokigwe wakamwita Kigwe, yaani kamba nyembamba, wakitania kwamba wazazi wake walijua mapema kuwa mtoto huyu atakula kwa kamba.

Kisha zikaja sifa. Waandishi wa habari walipanda mlimani wakampiga picha Sekela, wakuu wakamvika nishani ya ujasiri kwa kuingia motoni. Hakuna aliyeuliza moto wenyewe ulikuwa ukimchoma nani. Sekela katika kushukuru kwake alimtaja Mungu, akamtaja mama yake, akakitaja kituo, akaketi. Tupokigwe alipiga makofi pamoja na wengine, mikono ikamwasha.

Asubuhi iliyofuata, wakiwa kazini, alikizungusha kipete cha kilemba chake, akapunguza hisia kidogo. Alijiambia anajipumzisha tu. Moyoni alikuwa akisema: na yeye leo aubebe mzigo wake. Joto la mguu wa kushoto likamfikia kama maji ya vuguvugu, wala hakusema neno, na Sekela akakanyaga ufa uliokuwa ukifoka mvuke.

Kosa lile peke yake pengine lingesameheka. Lakini alipoulizwa, Tupokigwe alisema uzi ulidhoofu wenyewe, na aliushikilia uongo huo hadi Sekela alipokwisha kukatwa vidole. Alipokuja kusema kweli, aliisema ofisini kwa Injinia, na Sekela akaisikia kwa wauguzi. Baada ya hapo hakukubali kumwona tena. Uongozi ukamwondoa Tupokigwe kitini, ukampeleka kuosha na kushona magwanda.

*

Walikutana uso kwa uso mlangoni pa karakana. Tupokigwe alimwamkia kwa Kinyakyusa, kama walivyoamkiana siku zote.

"Ugonile, Sekela."

Sekela alimtazama, akamjibu kwa Kiswahili, kama mtu anavyomjibu mgeni wa ofisini.

"Salama. Gwanda langu liko tayari?"

"Liko tayari. Nimelikagua mwenyewe, kila mshono."

"Basi naomba na Machano alikague."

Machano alilikagua huku ameona haya, akiomba radhi kwa macho. Tupokigwe alimchukia zaidi kwa haya zile.

Siku za mwanzo mambo hayakwenda. Sekela aliingia kwenye kizimba cha kushukia, kizimba kikateremka kidogo tu, kisha sauti yake ikasikika ikiomba arudishwe juu. Alitoka akitetemeka, jasho limemlowanisha nywele. Machano alimsemesha kwa upole, "Pole dada, tutajaribu tena, hatuna haraka sisi," lakini kila mtu alijua kwamba haraka ipo. Chumba cha Saba, kilichokuwa kikitoa mvuke kuliko vyote, kilikuwa kikizibwa na ukoko, na Sekela ndiye pekee aliyeijua njia ya kule.

Kila Sekela aliposhindwa, Tupokigwe alifurahi. Haikuwa furaha ya kujivunia, na mwenyewe aliionea aibu, lakini ilikuwepo, tamu kama kitu cha wizi. Alijiambia: unaona? Si kila anayeketi kitini ni mshika uzi. Atanikumbuka tu.

Kumbe asubuhi moja kizimba kiliteremka, kikateremka, kikapotea. Kiliporudi, Sekela alitoka akicheka. Alikuwa amekwangua midomo yote ya Chumba cha Pili. Alimshika Machano mabegani akamtikisa. "Sauti yako, jamani! Ukisema tu, nasikia kama nimefika nyumbani."

Maneno hayo Tupokigwe aliyasikia akiwa amebeba kapu la glavu. Alisimama hapo hapo, watu wakimpita kushoto na kulia.

Kuanzia siku hiyo hakuwa na raha. Mchana aliwaona wamekaa meza moja, Sekela akimkatia Machano parachichi na kumwonyesha linavyoliwa kwa chumvi na kiazi, Machano akilalamika kwamba huku mlimani hata jua linavaa sweta. Sekela alicheka hadi akashika ubavu. Tupokigwe alikijua kicheko kile kama ajuavyo mlango wa chumba chake. Alijiuliza huyu mtu ana nini. Miaka yote niliyoungua kwa ajili yake, na huyu wa majuzi amempa nini ambacho mimi sikumpa? Akakaa akiisikiliza sauti ya Machano, akitafuta ndani yake kilichokuwa kikimtuliza mwenzake. Aliisikia sauti ya kawaida tu, tena yenye mafua.

*

Jibu alilipata mwenyewe, alipokuwa akiosha gwanda la Sekela.

Kila gwanda lina kola nene, na ndani ya kola kuna tulizo. Ni kidude cha dharura. Mshukaji akinaswa chini na kuanza kupagawa, tulizo huupelekea ubongo wake mkondo mdogo wa umeme, hofu ikamtoka, akasubiri waokozi bila kujiumiza. Hufungwa kwa lakiri nyekundu, na lakiri hiyo haikatwi ila mtu akiwa hatarini.

Lakiri ya Sekela ilikuwa imekatwa. Tupokigwe aliiunganisha kola na kipimo cha mezani, akaona kwamba tulizo linafanya kazi kila siku. Tena lilikuwa limefundishwa. Liliamka kila liliposikia sauti moja tu, sauti ya Machano.

Alipata raha ya ajabu. Kumbe! Kumbe si yeye, ni mashine! Alitoka mbio na kola mkononi, akamkuta Machano nyuma ya jiko akiota jua.

"Hii umeikata wewe?"

"Kitu gani, dada?"

"Usijifanye. Tulizo limewekwa likusikilize wewe. Ndiyo maana ukimwambia ashuke anashuka. Hakuamini wewe wala nini, anapumbazwa!"

Machano aliichukua kola, akaigeuza, akaiangalia lakiri iliyokatwa. Uso ulimsawijika. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Mie nilidhani ni dua," alisema. "Wallahi, dada Tupokigwe, kila asubuhi mie hujiombea nisimtie hasara yule mtu. Aliponambia sauti yangu ni nyumbani, nikajua Mungu keshaniitikia."

Tupokigwe alitamani awe mwongo. Angekuwa mwongo ingekuwa rahisi.

"Nakwenda kumwambia sasa hivi," Machano alisema akisimama.

"Ngoja." Neno lilimtoka Tupokigwe kabla hajalifikiri. "Ngoja kwanza nimwone Injinia tujue limewekwaje. Tukimwambia nusu nusu tutamwogopesha. Niachie mimi, nitamwambia kesho."

"Kweli?"

"Kweli."

Machano alimwamini.

*

Injinia Nsia hakukana. Alifunga mlango wa ofisi, akavua miwani, akajikanda macho.

"Mimi ndiye niliyeikata," alisema. "Unadhani nimependa? Chumba cha Saba kikiziba, hospitali ya chini inabaki gizani, na watoto walio kwenye mashine wanabaki gizani. Nimeomba mshukaji kutoka vituo vingine, hakuna anayeijua njia. Ninaye Sekela, na Sekela alikuwa akitetemeka mlangoni. Sasa hatetemeki. Analala usingizi. Nani amedhulumiwa?"

"Mwenyewe hajui."

"Akijua halifanyi kazi. Mtu akijua anatulizwa, anapigana nalo." Injinia alivaa tena miwani. "Na umekuja wakati mzuri. Machano hawezi Chumba cha Saba. Joto la kule hajalihisi hata kwa ndoto, atazimia kitini na kumwacha mwenzake bila sauti. Wewe unaliweza. Sikuzote uliliweza. Tatizo ni kwamba Sekela hakutaki."

Tupokigwe aliitazama kola aliyokuja nayo.

"Tulizo linaweza kufundishwa sauti yako," Injinia alisema polepole. "Kesho asubuhi. Atakuamini kama zamani, Tupokigwe. Utarudi kwenye kiti chako."

Mtu anaweza kudhani alikataa. Hakukataa. Alisimama pale akiyafikiria maneno kama zamani. Alimwona Sekela akimchekea yeye na si Mpemba, akimkatia parachichi yeye. Alijiambia ni kwa ajili ya hospitali, na kweli hospitali ilikuwepo, na watoto walikuwepo. Ila alichokuwa akikiona mbele ya macho yake ni sura ya Machano siku sauti yake itakapokuwa si kitu.

"Niseme nini ili lijifunze?" aliuliza.

"Chochote. Lisikie sauti tu."

Akaisogeza kola mdomoni, akaanza kuhesabu siku za wiki.

*

Asubuhi Machano alipelekwa upande wa pili wa kituo, kwenye mitambo, kwa kisingizio kwamba mafua yake yamezidi. Sekela, akiwa amekwisha kuvaa gwanda mdomoni mwa kisima cha kushukia, aliambiwa nani atamshikia uzi.

"Sishuki," alisema. "Injinia, nilikwambia tangu hospitalini. Huyu, hapana."

Tupokigwe alikuwa kitini, nyuma ya kioo, kilemba kichwani. Injinia akampa ishara. Akafungua kipaza sauti.

"Sekela, ni mimi."

Alimwona Sekela akigutuka. Kisha mabega yakamshuka. Ukali ukamtoka usoni kama mtu aliyetua mtungi, akageuka kukielekea kioo, akatabasamu.

"Kigwe," alisema. "Ugonile, dada yangu. Mbona umejificha huko nyuma? Siku nyingi sana."

Ndicho alichokuwa akikililia miezi yote ile, na sasa amekipata. Tupokigwe alifumba macho ili akifaidi. Akausogeza uzi kwenye kilemba, ukanasa, na mwili wa Sekela ukaingia ndani ya mwili wake.

Tumbo lilikuwa limejifunga fundo. Moyo ulikuwa ukidunda kama wa mnyama aliyekimbizwa na mbwa. Magoti yalikuwa yamelegea, na ule mguu wa kushoto, wenye vidole visivyokuwepo, ulikuwa umejikunja ndani ya kiatu ukijivuta nyuma, nyuma, mbali na kioo, mbali na kiti, mbali naye. Tulizo lilikuwa limeitoa hofu kichwani mwa Sekela, lakini mwili ulikuwa unakumbuka. Na kwa kuwa gwanda limeuchukua mwili huo likaupeleka juu, Sekela mwenyewe alikuwa hajui. Alikuwa akitabasamu. Aliyejua kwamba Sekela anamwogopa Tupokigwe alikuwa Tupokigwe peke yake.

"Haya, nishuke?" Sekela aliuliza kwa furaha.

"Mwambie ashuke," Injinia alinong'ona.

Tupokigwe alijaribu. Alifungua mdomo mara mbili. Hofu ya mwenzake ilikuwa imemjaa hadi kooni, na kila alipotaka kutamka ilizidi, maana ilikuwa ikimwogopa yeye, sauti yake yeye.

"Sekela," alisema, "vua kola."

"Kola? Ya nini tena?"

"Imekatwa lakiri. Tulizo linakupumbaza. Lilikuwa kwa sauti ya Machano, sasa limewekwa kwa sauti yangu. Huniamini, Sekela. Unadhani unaniamini. Vua uone."

Injinia Nsia aliukamata mkono wake. "Umeua hospitali wewe!" Lakini Sekela alikwisha peleka mkono shingoni, bado anatabasamu kidogo, kama mtu anayecheza mchezo asioujua. Vifungo vikalia. Kola ikaanguka sakafuni.

Tabasamu lilikwenda polepole, kisha lote. Alishika ukingo wa kizimba. Alipomtazama tena Tupokigwe kupitia kioo, ilikuwa afadhali asingemtazama.

*

Machano alikuja anakimbia, mtu amemwambia kitini yuko nani. Aliwakuta wote watatu mdomoni mwa kisima, Tupokigwe angali kitini nyuma ya kioo. Sekela alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani.

"Na wewe ulijua?" alimuuliza.

"Nimejua jana," Machano alisema. "Nilitaka kukwambia hiyo hiyo jana..."

Akasita, akamtazama Tupokigwe. Hakutaka kumtaja. Na Tupokigwe aliona jinsi ambavyo angeweza kunyamaza tu, na Machano akachafuka pamoja naye, wakawa sawa.

"Mimi ndiye niliyemzuia," alisema. "Nilimwahidi kwamba nitakwambia leo. Kisha nikaenda nikakubali kuingiza sauti yangu. Nilitaka uniamini hata kama si wewe unayeniamini. Machano hana kosa."

Sekela aliitazama kola iliyolala sakafuni. Chini ya miguu yao sakafu ilikuwa ikitetemeka. Mvuke wa Chumba cha Saba ulikuwa ukisukuma mdomo uliobaki wazi kidogo tu.

"Injinia," alisema hatimaye, "mimi na wewe tutasemezana mbele ya chama cha wafanyakazi, na watu wote wasikie. Lakini si leo. Hospitali ya chini nimelazwa mimi, nawajua walioko." Akajiinua kwa ukuta. "Nitashuka. Bila kola."

"Utashikwa na hofu njiani," Injinia alisema.

"Itakuwa yangu. Machano, utanishikia uzi?"

"Chumba cha Saba sijawahi, dada. Nisikudanganye. Naogopa."

"Ndivyo nilivyotaka kusikia. Keti."

Tupokigwe alivua kilemba akampa Machano. Aliinuka kwenye kiti kile akajua hatakikalia tena, na alikuwa amekwisha kugeuka aondoke aliposikia Sekela akisema, bila kumtazama:

"Wewe usiende. Gwanda lina uzi wa akiba na kilemba chake. Keti kiti cha pembeni, uushike. Kipaza sauti chako kizimwe. Hutasema neno. Utahisi tu. Nikirudi, nitakuuliza kama huyu aliniambia kweli."

"Mimi?"

"Nani mwingine atakayejua?"

*

Kizimba kiliteremka. Tupokigwe aliketi pembeni ya Machano, mikono mapajani, na joto likaanza kupanda. Hofu ya Sekela nayo ilikuwepo, safari hii ya wazi, na Sekela alikuwa akiisema kwa sauti njia nzima: "Naogopa hapa. Niambie." Na Machano, "Bado baridi, dada. Nenda. Sasa nyonga ya kulia inaanza. Nenda polepole."

Tupokigwe alikuwa akimpima. Hakuweza kujizuia. Kila joto liliposogea alilihesabia moyoni, akingoja aone kama Machano atalikosa. Kichwani alikuwa na Machano wa kubuni, aliyezimia, aliyepotea, na yeye Tupokigwe akiruka kushika usukani na kuokoa. Alipomwona jasho likimchuruzika Machano, kofia ya kufuma imeloa, alisikia tena ule utamu wa wizi.

Wakafika. Sekela alianza kukwangua. Joto la Chumba cha Saba liliwaingia wote wawili kama mafuta yanayochemka, na Machano akalia. Alisita, pumzi moja, mbili. Tupokigwe alikaza meno. Kisha Machano akasema kwa sauti iliyopasuka, "Niko, dada. Inauma sana lakini niko. Mgongo mzima, ila haujafika mwisho wako. Endelea."

Vipande vya ukoko vilianza kuporomoka. Sekela aliinama ili aufikie mdomo wa mwisho.

"Rudi!" Machano alipiga kelele. "Goti la kushoto, rudi, rudi!"

Sekela akaruka nyuma, na pale alipokuwa amepiga goti mwamba ukapasuka, mvuke ukatoka wima kama upanga.

Tupokigwe alikuwa hajahisi kitu. Joto la goti lilimfikia baada ya ukelele. Aliligeuza na kuligeuza kichwani, akitafuta namna ya kusema kwamba alikuwa anakaribia kulitambua. Hakupata.

Huku nyuma mitambo iliunguruma kwa sauti nene ambayo kituo hakikuwa kimeisikia kwa miezi, na watu wakashangilia kwenye korido.

*

Machano alitolewa kitini amebebwa, anatapika, anacheka. Sekela alikwenda karakana peke yake, akaketi kwenye benchi ili afunguliwe vifungo vya gwanda, kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado haina hisia. Tupokigwe alipiga magoti mbele yake akaanza kufungua.

"Haya," Sekela alisema. "Alinidanganya popote?"

Kulikuwa na kule kusita kwa Machano. Pumzi moja, mbili. Mtu angeweza kueleza kusita kule kwa namna yake. Angeweza kusema: kuna mahali alikuacha, sipendi kusema, lakini alikuacha. Lisingekuwa uongo mtupu. Tupokigwe alilionja neno hilo ulimini, akajua lingefanya kazi vizuri sana.

"Alisita mara moja," alisema, "ulipoanza kukwangua. Alizidiwa na maumivu. Hakukuficha kitu, alikwambia mwenyewe inauma. Na pale penye goti..." Maneno yalikuwa machungu kama shubiri. "Pale aliwahi. Mimi nisingewahi."

"Ungechelewa?"

"Ningechelewa. Ungeungua tena." Aliendelea kufungua kifungo kilichokuwa tayari kimefunguka. "Nilikuwa nimekaa pale namvizia akosee. Ndiyo maana nikachelewa. Nilikuwa namsikiliza yeye, sikukusikiliza wewe."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Nakujua, Kigwe. Siku ya nishani nilipoketi chini nikajua sikukutaja, nikasema nitakwambia kesho. Haikupunguzii kosa lako." Sekela aliutoa mguu wa kulia kwenye gwanda, kisha wa kushoto, taratibu, akauweka sakafuni mbele ya mwenzake pasipo kuuficha. "Na mimi huko chini nilikuwa nakuvizia wewe. Nilisema, nikirudi utamsingizia yule mtu, na mimi nitakuwa nimemalizana nawe."

Tupokigwe alimsogezea kiatu.

"Keshokutwa ni Chumba cha Tano," Sekela alisema, akikivaa. "Machano atashika. Wewe kaa kiti kile kile cha pembeni."

"Na kipaza sauti?"

"Kizimwe."

Akainuka, akatoka akichechemea. Machano alikuwa akimngoja koridoni na vikombe viwili vya chai, na punde Tupokigwe aliwasikia wakicheka jikoni, kicheko kile kile anachokijua. Kilimuuma, tena sana. Alizima taa za karakana, akaenda kupumzika mapema, ili siku ya Chumba cha Tano ikifika awe na nguvu za kukaa kimya.